Mundu wa Mashoto

"Mama, humu hawaingii na mundu."

Bawabu alisema huku anacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshaziba mlango. Naye alikuwa askari wa zamani, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, kofia imekaa upande kama ya kijana anayekwenda kuposa.

Tulkumari alikikumbatia kifurushi chake. Kitambaa kilikuwa kimefungwa vizuri, lakini ncha iliyopinda ilikuwa imejitokeza na kumsaliti. "Barua yenu ilisema nije na kitu chochote cha mume wangu," alisema. "Basi cha mume wangu ni hiki."

"Wenzio huleta picha. Huleta barua. Mwaka jana mmoja alileta koti lenye vifungo vyote. Wewe umemletea Subedar mundu! Unataka kumvuna mzee wa watu?"

"Wenzangu waume zao walijua kuandika."

Bawabu aliacha kucheka. Alimtazama mkononi, akaona bangili za kioo chekundu, tano huku na tano huku. Akazitazama mvi zake, kisha akatazama unga mwekundu uliopakwa kwenye njia ya nywele: bangili na unga, alama za mwanamke ambaye mumewe yu hai. Akatoa mkono mlangoni. "Pita. Ila ukimkata, useme uliingilia dirishani."

Tulkumari hakucheka. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, akateremka mlima mzima hadi kwenye daraja la kamba, akapanda mwingine hadi hapa mjini, na njia nzima alikuwa akisikia sauti ya Setimaya, jirani yake, pale kwenye mfereji wa maji. "Dada, msiba wa kujitakia hauna kilio. Jalada la jeshi limelala, wewe unakwenda kuliamsha. Limeshakwambia mumeo ni mtoro. Unataka likwambie mara ya pili?"

Setimaya alikuwa hasemi kwa ubaya, na ndiyo maana maneno yake yaliuma. Wabaya walisema mengine. Tangu kijiji kijenge ukuta wa kupumzikia wapita njia kwenye shingo ya mlima, na katikati yake wakasimamisha jiwe lenye majina ya vijana waliokufa katika vita vya Burma, watoto wakimwona na mzigo wa nyasi walikimbia mbele yake na kupiga kelele, "Kimbia, kimbia, Gajarsing anakuja!" Majina tisa yaliandikwa. La kwanza lilikuwa la Dhojbir Thapa, rafiki wa mumewe, aliyeandikishwa naye siku moja. La mumewe, Gajarsing Ale, halikuwapo. Mtoro haandikwi kwenye jiwe.

Ndipo akamwendea mwalimu wa shule, akamwambia amwandikie barua.

Subedar Rana, aliyebaki na cheo chake cha uafisa kwenye ofisi hii ya askari wastaafu, alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Ukubwani mwake jeshini alikuwa amewaamuru watu mia. Sasa alikuwa akiamuru meza moja, makabati mawili, na huyo bawabu mwenye mguu mfupi. Alimwonyesha Tulkumari kiti, na Tulkumari akakaa ukingoni, kifurushi mapajani.

"Umekula?"

"Nimekuja na mahindi yangu ya kukaanga, Bwana Subedar."

"Haya." Akavuta karatasi. "Hii barua, maneno ni yako au ya mwalimu?"

"Mkono wa mwalimu. Maneno yangu."

"'Mume wangu hakuwa mtu wa kukimbia,'" alisoma. "'Chui aliingia zizini mwetu usiku wa tatu wa ndoa yetu, yeye akatoka kumkabili na mwenge wa moto, mimi ndiye niliyekimbia. Nataka jina lake liwe pamoja na wenzake.'" Akamtazama juu ya miwani. "Hilo la chui ni kweli?"

"Nilikimbilia kwa mama mkwe. Yupo kwangu hata leo, muulize."

Subedar alifungua jalada. Karatasi zilikuwa za rangi ya chai, na nyingine zimeliwa pembe na mende. "Hapa wameandika: 'Askari Gajarsing Ale, hakuonekana baada ya mapigano ya kivukoni. Ametoroka.'"

"Jalada linasema uongo."

"Linaweza," alisema Subedar.

Tulkumari aliinua uso. Miaka ishirini na sita alikuwa amesema neno lile, kwa mkuu wa kijiji, kwa wastaafu waliorudi na masanduku ya bati, kwa maafisa waliopita kuandikisha vijana wengine. Hakuna aliyewahi kumjibu hivyo. Akaona kama mlango umefunguliwa, na nyuma ya mlango yuko Gajarsing, mzee kidogo, pengine alikuwa mfungwa, pengine alipigwa kichwani akasahau njia ya nyumbani. Yanatokea. Kijiji cha pili mtu alirudi baada ya miaka kumi na mmoja akamkuta mkewe anapepeta wimbi.

"Basi yu hai," alisema.

Subedar aliweka karatasi chini. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Mama, nataka nikuulize jambo moja, na usiharakishe. Mumeo alikuwa akikata nyasi kwa mkono upi?"

Jibu lilifika ulimini likasimama. Kuna maswali mtu huyaona yana miiba kabla hajayagusa. "Kwa nini waniuliza?"

"Nijibu kwanza."

"Niambie kwanza."

Walitazamana. Mzee alikuwa mtu wa milimani kama yeye, alijua mwanamke wa aina hii huwezi kumsukuma. Unaweza kumsubiri tu. Akapiga kelele kuelekea uani, "Mwambie aingie!"

Mtu aliyeingia alikuwa na kikohozi kilichomtangulia. Alikuwa amejikunja mabega, nywele zimepunguka, na kwenye kunyanzi za uso kulikuwa na weusi ambao maji hayautoi tena, weusi wa watu wa machimbo ya makaa. Hakuinua macho. Lakini sikio lake la kushoto halikuwa na ncha, na Tulkumari alikuwa anamjua mtoto aliyeng'atwa sikio na mbwa wa mganga, kila mtu mlimani alimjua.

Akasimama. Kifurushi kilianguka sakafuni kwa mlio wa chuma.

"Wewe umekufa," alisema.

"Shemeji."

"Mama yako nimemwosha mimi! Kwa mikono hii. Alikufa ameshika nishani yako, tukashindwa kuitoa vidoleni. Jina lako liko kwenye jiwe, la kwanza, wamelipaka rangi! Wewe umekufa, Dhojbir!"

Dhojbir Thapa alipiga magoti, akagusisha paji la uso kwenye miguu ya shemeji yake yenye vumbi. Tulkumari alirudi nyuma kama aliyeguswa na nyoka.

"Sema kama ulivyoniambia mimi," alisema Subedar. "Usipunguze."

Naye akasema, kichwa chini, akikatizwa na kikohozi. Walikuwa wamekaa msituni siku arobaini, mvua haikati, na yeye na Gajarsing wakaamua kula udugu, wawe mit. Si jambo dogo hilo. Mit ni ndugu kuliko wa tumbo moja; watoto wenu hawaoani vizazi saba, na mmoja akifa mwenzake humlilia siku kumi na tatu, hali chumvi. Nyumbani angekuwapo kuhani, na mashada ya maua, na kofia mpya za kubadilishana, na mbuzi. Kule kulikuwa na tope.

"Tulibadilishana kofia. Zilikuwa sawasawa, zote zimeoza. Gajarsing akacheka, akasema huu si udugu, huku ni kubadilishana chawa. Akasema lazima tupeane kitu ambacho kila mtu anacho kimoja tu. Basi tukavua vipande."

"Vipande gani?"

Dhojbir alitia mkono kolani, akatoa kamba iliyokuwa nyeusi kwa jasho. Mwishoni mwake kilining'inia kisahani kidogo, chenye jina na namba. "Hivi tulivyofungwa shingoni, ili tukifa tujulikane. Mimi nikavaa chake, yeye akavaa changu. Siku ya tatu wakatupiga pale kivukoni." Akairudisha kamba kolani. "Mimi nilikimbia, shemeji. Anayeitwa mtoro kwenye jalada ni mimi. Nilitupa bunduki nikakimbia, nikageuka mara moja tu, nikamwona amelala kifudifudi majini."

"Kulala si kufa."

"Shemeji..."

"Ulimgusa? Ulimgeuza? Wewe ulikuwa unakimbia! Mtu anayekimbia anaona nini?" Sauti yake ilipanda hadi bawabu akachungulia mlangoni. "Na miaka yote hiyo ulikuwa wapi na jina la mume wangu shingoni?"

"Assam, chini ya ardhi, nachimba makaa. Nilisikia kwamba mama amepelekewa nishani. Nikasema, ana mwana shujaa aliyekufa, nimrudishie mwoga aliye hai wa nini? Nikanyamaza. Kunyamaza nako, ukishaanza, hakuna pa kuachia. Mwaka huu akaja kijana wa kwetu machimboni, akawa anasimulia habari za jiwe, anasimulia na habari zako, jinsi watoto wanavyokuimbia. Alikuwa anasimulia kama kichekesho." Aliufuta uso kwa mkono mweusi. "Sikuweza kula."

Tulkumari alimtazama kwa chuki safi, isiyo na chembe ya huruma. Alimchukia kwa kukimbia. Alimchukia zaidi kwa kurudi.

Subedar aligonga meza taratibu. "Neno la mtoro halisahihishi jalada, mama. Nami nilimwambia hivyo siku ya kwanza. Lakini kuna kitu kingine." Akageuza karatasi. "Waliomzika yule wa kivukoni waliandika jina la kwenye kipande: Dhojbir Thapa. Kisha wakaandika alama ya mwili. Kovu la mundu, kidole cha shahada, mkono wa kulia."

Aliinua mkono wake wa kushoto. Kwenye kidole cha shahada, chini ya kifundo, palikuwa na kovu jeupe. "Mimi hili. Dhojbir, onyesha." Dhojbir akainua wa kushoto, kovu. "Bawabu!" Bawabu naye, huko mlangoni, akainua wa kushoto bila kuuliza. "Kila mtoto wa milima hii anashika nyasi kwa kushoto na mundu kwa kulia, na kabla hajatimiza miaka kumi ameshajikata hapo. Makarani wa kuandikisha tuliandika hivyo bila kuangalia. Kovu la mundu, kidole cha kushoto. Kovu la mundu, kidole cha kushoto. Nasema tuliandika, kwa sababu nami nilikuwa karani wa kazi hiyo mwaka mzima, nimeandika mara nyingi mno. Kwenye karatasi ya mumeo wameandika hivyo hivyo. Kushoto. Kwa hiyo aliyezikwa si Dhojbir, maana huyu hapa anakohoa, na kwa karatasi hizi si mumeo pia. Ni mtu asiyekuwapo."

Nje mtu alikuwa akimkemea punda.

"Kovu la kulia analipata mtu wa mashoto tu," alisema Subedar. "Wenzake wa kikosi niliowapata wanasema Gajarsing alipiga bunduki kwa kulia na kula kwa kulia. Ila hakuna aliyemwona akikata nyasi. Ndugu wa karibu aliyebaki na macho ni wewe, maana mama yake haoni tena. Ukisema alikuwa wa mashoto, nitaandika kwamba aliyezikwa kivukoni ni Gajarsing Ale, aliyekufa vitani bila doa. Ukisema alikuwa mtu wa kulia, nitafunga jalada, na litabaki lilivyo."

"Mtoro."

"Mtoro."

"Mtoro aliye hai."

Subedar alitazama karatasi zake. "Sitakushika ulimi, mama. Nenda kapunge upepo. Nitakungoja."

Nyuma ya ofisi mlima uliporomoka moja kwa moja, na nyasi zilikuwa ndefu kwa sababu ya mvua za mwisho. Tulkumari alikaa juu ya jiwe na kile kifurushi.

Gajarsing alikuwa wa mashoto. Nani angejua zaidi ya mkewe? Mama yake alimfunga mkono huo kwa kitambaa tangu utotoni, maana mkono wa kushoto ni wa haja nyingine, si wa kumpa mtu chakula wala kupokea baraka. Akafundishwa kula kwa kulia, kusalimu kwa kulia, kurusha jiwe kwa kulia. Kila kitu kilikubali ila mundu. Mundu wa kawaida umenolewa upande mmoja tu. Ukiushika kwa kushoto unateleza juu ya nyasi na kukurudia vidoleni. Basi mhunzi akamfulia wa kwake, umepindishwa na kunolewa kinyume, akamwambia asimwonyeshe mtu. Mama yake aliona haya, akawa anamtuma mtoto kwenye miteremko ya mbali, kusiko na macho.

Huko ndiko Tulkumari alikoenda naye miezi saba ya ndoa yao. Walianza kukata huyu upande huu, yule upande ule, wakisogea kila mmoja kumwelekea mwenzake, na walipokutana katikati miundu yao haikugongana. Wanawake wengine wakikata wawili wawili lazima wapishane. Wao hawakupishana. "Unaona?" alisema Gajarsing siku moja, kachuchumaa mbele yake, jasho linamtiririka puani. "Mungu alinikosea makusudi, ili nikufikie wewe." Alikuwa na miaka kumi na tisa, alipenda kusema maneno makubwa.

Kila mwaka kabla ya mvua Tulkumari aliushusha mundu ule kwenye dari, akaunoa kwenye kinoo, akaupaka mafuta. Mtu akirudi asikute chombo chake kina kutu. Mara ishirini na sita aliunoa, na bapa lake lilikuwa limekwisha upana hadi kubaki kama mwezi wa siku mbili.

Angeweza kusema kulia. Neno moja. Angeenda nyumbani na bangili zake, na jioni mama mkwe, kipofu mwaka wa sita sasa, angezisikia zikilia uani na kusema, kama alivyosema kila jioni, "Haya, umekuja. Na mwanangu je? Hajaandika?" Watoto wangeendelea kuimba. Aliwazoea. Anayeimbiwa mumewe ana mume.

Kikohozi kilisikika nyuma yake. Dhojbir alikuwa amesimama mbali, hatua kumi, kama mtu asiyeruhusiwa uani.

"Sikuja kukuomba kitu, shemeji."

"Basi nenda."

"Nitakwenda. Nitakuambia hili tu. Sijamlilia. Miaka yote hii nimekula chumvi. Mtu hawezi kukaa siku kumi na tatu kwa ajili ya mit wake wakati karatasi inasema aliyekufa ni yeye mwenyewe. Ningewaambia nini watu? Najililia mimi?" Alikohoa muda mrefu, akatema pembeni. "Roho yake inazunguka kule mtoni, hana aliyemwonyesha njia. Wamemzika na jina langu. Hata akiitwa, hajui kama ni yeye."

Tulkumari hakugeuka. Alisikia nyayo zake zikiondoka na kikohozi kikipungua. Alitamani jabali limwangukie mtu yule. Alitamani pia amwite amuulize, Gajarsing alicheka vipi siku ile, lile la chawa? Alicheka kwa sauti au alicheka kwa pua? Maana lilikuwa neno lake hasa. Hakuna mwingine angelisema, na hakuna mwongo angeweza kulibuni.

Hapo ndipo alipojua kwamba Dhojbir hasemi uongo. Alikaa na ujuzi huo hadi jua lilipogeuka. Kisha akainuka.

Subedar alikuwa ameweka kalamu juu ya jalada, hajaandika kitu. Tulkumari hakukaa kitini. Aliweka kifurushi mezani, akafungua fundo la kwanza, la pili, na la tatu lililomshinda akalifungua kwa meno. Kitambaa kikalala wazi.

"Chukua," alisema.

Mzee akauchukua mundu kwa mkono wa kulia, kama ambavyo angeuchukua mundu wowote. Akapitisha kidole gumba kwenye makali, akitafuta pale panapotakiwa kuwa na makali. Akasita. Akaugeuza. Akapitisha kidole tena upande wa pili. Mtu aliyekulia kwenye nyasi hahitaji kuambiwa. Taratibu akauhamisha kwenye mkono wa kushoto, na mundu ukakaa.

"Aliufua nani?"

"Mhunzi wa kwetu. Alishakufa."

"Umenolewa lini?"

"Mwaka huu. Kila mwaka."

Subedar Rana aliuweka chini kwa mikono miwili. "Lazima useme kwa mdomo, mama. Ndiyo sheria. Siwezi kuandika kwamba mundu umesema."

Alijua itakuwa hivyo. Alitazama ukutani, palipokuwa na kalenda ya mwaka uliopita. "Mume wangu Gajarsing Ale," alisema, "alikuwa mtu wa mashoto. Kovu lake lilikuwa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Mimi nililifunga lilipotoka damu mara ya mwisho, nilichana ncha ya shali yangu." Akameza mate. "Aliyezikwa ni yeye."

Kalamu ikaanza kukwaruza. Iliandika muda mrefu. Subedar alipiga mstari juu ya neno moja, akaandika jingine juu yake, akageuza jalada ili amwonyeshe, kisha akakumbuka kwamba mwanamke hajui kusoma, akaona aibu. Alimshika kidole gumba, akakichovya wino, akakikandamiza kwenye karatasi.

"Na huyu?" Tulkumari aliuliza, kidevu kikielekea uani.

"Huyu maelezo yake ameshayatoa mwenyewe. Atakuwa mtoro, na hai. Jina lake litafutwa kwenye jiwe, na nishani ya mama yake nitaitaka irudi."

"Nishani tuliichoma pamoja na maiti yake."

Mzee alifikiri. "Basi nitaandika kwamba haipatikani," alisema. Akasimama, akavua kofia, akabaki ameishika kifuani hadi mwanamke yule alipotoka. Bawabu mlangoni, ambaye alikuwa amesikia yote, hakufanya mzaha wowote.

Dhojbir alimfuata kwa mbali, kushuka mlima hadi mtoni. Kwenye daraja la kamba Tulkumari alisimama kwenye jiwe kubwa la ukingoni, na Dhojbir akaelewa, akageuka kutazama walikotoka. Alisikia kioo kikivunjika, bangili moja baada ya nyingine, polepole. Alihesabu kumi. Alipogeuka, mwanamke alikuwa ameinama majini anasugua nywele zake, na maji yaliyomtiririka kwenye paji la uso yalikuwa mekundu kidogo, kisha yakawa maji.

"Kesho njoo," Tulkumari alisema bila kumtazama. "Utakaa uani siku zako kumi na tatu. Usinisemeshe."

"Sitakusemesha."

"Utakapomaliza, utanieleza ile siku ya chawa. Yote."

Jua lilikuwa bado juu ya kilele alipofika nyumbani. Mama mkwe alikuwa kwenye baraza, mikono juu ya fimbo, uso ameuelekeza njiani. Zizini nyati wa maziwa alikuwa analia kwa njaa. Hajali nani kafa. Tulkumari hakuingia ndani. Alichukua tenga, akapanda kwenye ukingo wa shamba juu tu ya nyumba, penye nyasi alizokuwa amezihifadhi, akachuchumaa, akafungua kitambaa.

Akaushika mundu kwa mkono wa kushoto.

Ulikuwa mzito mahali asipotarajia. Pigo la kwanza lilikata hewa. La pili likakata nyasi tatu. Alishika kwa kulia, akavuta kwa kushoto, vibaya, polepole, na taratibu makali yakaanza kutafuta njia yao. Kwenye baraza bibi kizee aliinua kichwa. Alisikia nyasi zikikatwa, na hakusikia bangili.

"Nani huyo?" aliita.

Tulkumari aliendelea kukata.

Bibi alisimama kwa fimbo yake. Kichwa kiliinama upande, sikio likifuata ule mkwaruzo unaokwenda kinyume, ambao hakuwa ameusikia tangu alipokuwa na macho. Uso wake wote ulifunguka. "Gajarsing?" alisema. "Gajarsing, ni wewe?"

Mundu ukasimama.

Upepo ulipita kwenye nyasi. Bibi alingoja, mdomo wazi, na akazidi kungoja, kisha polepole uso wake ukajikunja na kurudi ulivyokuwa, kisha ukazidi kujikunja. Alipapasa nyuma yake, akaipata nguzo, akashuka nayo hadi chini.

"Mke wa mwanangu," alisema kwa sauti ndogo ya kila siku. "Jioni ukisonga ugali, mboga usitie chumvi."

"Ndiyo, mama."

Akashika fungu jingine la nyasi kwa mkono wa kulia.